Talaka ya Maandalizi

Haya si ya zamani, wala sikuyasikia kwa mtu. Ni ya mwezi wa nane uliopita, na nilikuwepo mwenyewe, nimevaa kitenge changu cha bluu. Nchi yenyewe siitaji jina, kwa sababu kwao kuna fomu ya kuomba ruhusa ya kulitaja, na nilipoondoka foleni ya fomu hiyo ilikuwa imefika nje ya geti. Nasema tu kwamba ni nchi nzuri, ina amani, na kila ninayemsimulia habari zake, awe wa wapi, hudhani naisema nchi yake.

Naandika ili kuwaonya akina mama wenye mabinti. Wenye watoto wa kiume nao wasome, wajue vijana wao wanasubiriwa na nini.

Binti yangu anaitwa Agripina. Ninaye huyo mmoja tu. Baba yake alifariki mtoto akiwa darasa la pili, nikamlea kwa cherehani, nikishona sare za shule na maovaroli ya viwandani. Mchumba wake anaitwa Gaudensi, kijana mrefu, mpole, ana tabia ya kucheka kabla hajamaliza kusimulia. Walipokubaliana kuoana, ukoo ukaunda kamati ya harusi. Kulikuwa na mwenyekiti, katibu, kamati ndogo ya chakula, kamati ndogo ya mapambo, na kamati ndogo ya kusuluhisha chakula na mapambo. Vikao tisa vikapita na bado tulikuwa kwenye rangi ya vitambaa. Kikao cha kumi Agripina akasimama, akasema, "Wazee wangu, ahsanteni sana. Sisi tunakwenda kufungia ndoa Nderemo."

Nderemo ndio mji wa harusi wa nchi ile. Tangazo lake lina maporomoko ya maji, maua, na maneno makubwa: NJOO MMOJA, ONDOKA WAWILI. Ukumbi tukaupata wa Jumamosi saa kumi jioni. Tukafunga mizigo, sisi watatu. Tulikuwa tunakimbia kamati ya watu kumi na wanane. Hatukujua tunakwenda kwenye nchi ambayo yenyewe ni kamati.

*

Tulifika Jumatatu. Basi liliposimama, mtumishi wa manispaa mwenye glavu nyeupe alituuliza, "Harusi au kawaida?" Tukasema harusi. Akaturushia maua kichwani, kisha akayafagia, akayarudisha kwenye ndoo, akalisubiri basi lingine.

Mji ule unaishi kwa harusi na umejipanga. Maporomoko ya maji yana bomba lenye koki, hufunguliwa saa kumi jioni kwa ajili ya picha, na wananchi wa bondeni wanajua kwamba saa kumi na robo ndiyo saa ya kuteka maji. Shule za msingi zina somo la vigelegele, na mtihani wake ni wa taifa. Tulipita hospitali ya mji. Mashuka yote yalikuwa yamechukuliwa kwenda kufunika viti vya ukumbi wa Mkuu wa Mkoa, lakini lazima niseme haki: kila mgonjwa alikuwa amefungiwa riboni kitandani.

"Mama, umeona?" Gaudensi akaniambia.

"Nimeona, baba. Wanajali."

*

Jumanne tukaenda Ofisi ya Usajili wa Furaha. Aliyetupokea ni Msajili Msaidizi, Bwana Ludigija, mtu wa makamo, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Karibuni sana Nderemo. Hamjambo? Hamjakosea mlango? Mmekuja na nyaraka?"

Nyaraka ninazo, nikamwambia. Mimi karatasi za nyumbani kwangu zote nazibeba kwenye mfuko wa nailoni, hata cheti cha chanjo cha Agripina cha mwaka aliozaliwa. Nikampa barua ya mwenyekiti wa mtaa. Akaigeuza.

"Muhuri upo. Muhuri unaothibitisha kwamba huu ni muhuri uko wapi?"

Tukaambiwa tuufuate dirisha la tatu. Dirisha la tatu wakatugongea, wakatutuma dirisha la nne kuthibitisha kwamba dirisha la tatu lipo. Mchana tukarudi kwake.

"Sasa, baba wa bibi harusi," akasema. "Fomu inataka awepo, au atoe sababu ya kutokuwepo. Naona mmeandika 'amefariki'."

"Ndiyo, amefariki."

"Hiyo ni hali, mama. Mimi naomba sababu."

Nikafikiri, nikamwambia ilikuwa malaria. Akaandika, akanishukuru.

Ukutani kwake kulikuwa na picha ya Mheshimiwa, imetoka sakafuni mpaka darini. Kwa mujibu wa katiba yao, Mheshimiwa ndiye msimamizi wa bwana harusi katika ndoa zote nchini, na kwa kuwa hawezi kufika kote, picha yake husimamishwa pembeni badala yake. Bwana harusi haruhusiwi kuizidi kimo. Picha ya ukumbini ni ndogo kuliko ile ya ofisini. Bwana Ludigija akampima Gaudensi kwa rula, akatikisa kichwa, akatoa karatasi ya kijani iliyoandikwa Kibali cha Kukunja Magoti.

"Utakunja kidogo tu," akamwambia kwa upole. "Wengine tunawachimbia."

*

Tulidhani tumemaliza. Bwana Ludigija akafungua faili jipya, akavaa miwani, akauliza, "Useja wenu mmekuja nao?"

"Sote wawili ni waseja," akasema Gaudensi.

"Nasikia. Ushahidi?"

"Ushahidi ni kwamba mimi sijawahi kuoa, na yeye hajawahi kuolewa."

"Kijana wangu, serikali haiwezi kuthibitisha jambo ambalo halikutokea. Ingekuwa hivyo, tungeshinda hapa kutwa nzima tunathibitisha mambo ambayo hayakutokea."

Niliitazama ofisi. Watumishi kumi na wawili walikuwa wamekaa nyuma ya meza tupu, wakiangalia saa. Nikaona kazi hiyo wangeimudu vizuri, ila sikusema.

Akatueleza taratibu. Cheti cha Useja hutolewa kwa mwenye ushahidi wa aina mbili tu: talaka, au cheti cha kifo cha mwenzi wake. Hivyo viwili vinaonyesha bila shaka kwamba mtu alikuwa na mwenzi na sasa hana. Ambaye hajawahi kabisa, utajuaje?

"Kwa hiyo aliyeachika mara tatu ni mseja kuliko mimi," akasema Agripina.

"Mara tatu zaidi," akajibu Bwana Ludigija, akafurahi kuona anaeleweka. "Lakini msihuzunike. Serikali yetu sikivu imeliona hilo. Mtafunga Ndoa ya Muda hapa hapa, dirisha la sita, halafu mtapewa Talaka ya Maandalizi. Kwa talaka hiyo mtapata useja, na kwa useja mtaoana Jumamosi."

Nikauliza, maana nilikuwa nimechanganyikiwa. "Baba, wakishafunga hiyo ndoa ya muda, si watakuwa wameshaoana?"

"Hapana, mama. Ile inafungwa kwa ajili ya kuvunjwa. Haina keki."

"Na haihitaji cheti cha useja?"

"Ya nini, wakati si ndoa ya kweli?"

"Na talaka yake?"

"Ah, talaka yake ni ya kweli kabisa."

Basi wakafunga. Walifungishwa kupitia tundu la dirisha la sita, wao na wenzao jozi nne kwa mkupuo mmoja, sauti ikisema kutoka ndani, "Mmekubali, kubalini hapa, wino msipake ukutani." Nilitaka kulia, nikakumbuka hiyo siyo yenyewe, nikayahifadhi machozi.

*

Jumatano zikaja fomu za malalamiko. Huwezi kuachwa bila sababu, hata nchi ile wana mpaka. Maharusi walipewa mistari kumi kila mmoja. Shahidi wa familia, yaani mimi, nikapewa arobaini.

"Mbona yangu mingi?" nikamwuliza Bwana Ludigija.

"Utafiti unaonyesha mama mkwe ana uwezo."

Chini ya fomu palikuwa na maandishi madogo: Mstari mtupu utahesabiwa kuwa upendo uliosalia. Akatufafanulia kwamba ukisalia upendo wa mistari miwili, talaka haitoki. Talaka isipotoka, useja hakuna. Useja usipokuwepo, ukumbi wa Jumamosi wanapewa wengine.

Tukakaa kwenye benchi la kibarazani. Wale wawili walikuwa wanaandika huku wanacheka.

"Namba tatu," Agripina anasoma, "anakula huku anaongea na simu."

"Namba tatu yangu, akisema 'niko njiani' bado yuko bafuni."

"Muongo."

"Andika namba nne, ananiita muongo."

Mimi nilikaa mwisho wa benchi na peni yangu. Naapa mbele za Mungu nilianza na vidogo. Namba moja: ananisalimia simu ikiwa mkononi. Namba nne: siku ya kujitambulisha alikula ugali kidogo kama anayeogopa kitu. Namba kumi na moja: viatu vyake vimechongoka mno. Namba kumi na tisa: mama yake alisema kuku wangu ni mgumu. Ishirini na sita: anampakia mwanangu kwenye pikipiki bila kofia ngumu. Kadiri nilivyoendelea, mkono ukapata moto. Nilipofika thelathini na mbili nikakwama. Mistari ilibaki minane, na saa ya kufunga ofisi inakaribia.

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na kosa hili mama yeyote wa kwetu angelifanya. Mimi nimejaza fomu maisha yangu yote: za shule, za zahanati, za kitambulisho, za sensa. Sijawahi, hata mara moja, kuona fomu inasomwa. Kwetu unajaza, inagongwa muhuri, inaingia kabatini, basi. Kwa hiyo mstari wa thelathini na tatu nikaweka jambo nililokuwa nimelibeba peke yangu tangu mwezi wa nne.

Gaudensi alikuwa ameachishwa kazi kiwandani. Nilijua kwa sababu maovaroli ya kiwanda kile cha rangi nashona mimi. Mtunza stoo alikuja akaniambia, "Mama, lile la Gaudensi usilishone, ameshaondolewa." Nikasubiri Gaudensi amwambie mwenzake. Hakumwambia. Na mimi sikumwambia, maana niliogopa Agripina ataivunja harusi, kisha niliogopa hataivunja. Nikaandika: Aliachishwa kazi mwezi wa nne na hajamwambia mchumba wake. Nikapumua. Ile mingine saba ikajaa yenyewe.

*

Nchi ile wanasoma. Wanasoma kwa kipaza sauti. Sheria yao inasema lalamiko lisilosikika si lalamiko.

Alhamisi asubuhi tuliingizwa ukumbini pamoja na wenzetu wa ndoa za muda, watu kama sitini. Akaingia Kamishna wa Talaka za Maandalizi, mwanamama mwenye joho refu linaloshikiliwa nyuma na makatibu wawili. Tukasimama. Tukakaa. Tukasimama tena kwa ajili ya picha ya Mheshimiwa.

"Ndugu wanandoa wa muda," akaanza, "taifa lisilojua kuvunja haliwezi kujua kujenga. Tangu Mheshimiwa ashike hatamu, tume hii imevunja ndoa laki moja na elfu ishirini, na nyingi kati ya hizo zilikuwa bado hazijafungwa. Majirani zetu wanatuonea wivu. Wao huvunja baadaye, ovyo ovyo, bila mpangilio wala takwimu. Sisi tunavunja mapema."

Tukapiga makofi. Palikuwa na mtu wa kutuonyesha wapi.

Ikafika zamu yetu. Wakasoma za Gaudensi, watu wakacheka. Wakasoma za Agripina, wakacheka zaidi. Wakaanza zangu. Nilikuwa nimekaa katikati ya wale wawili, na kila namba iliposomwa nilizidi kuuangalia mfuko wangu wa nailoni. Kwenye ya kuku, Gaudensi aliniegemea akaninong'oneza, "Mama, kweli alikuwa mgumu." Alikuwa bado anacheka.

"Thelathini na tatu," akasoma Kamishna, akasafisha koo. "Aliachishwa kazi mwezi wa nne na hajamwambia mchumba wake."

Watu wakacheka, maana walishazoea. Halafu wakaona sisi hatucheki.

Agripina akageuka. "Ni kweli?"

"Ni kweli," akasema Gaudensi. "Nilitaka nikuambie baada ya harusi."

Akaniangalia mimi. "Na wewe mama, ulijua."

"Nilijua."

"Miezi minne."

"Niliogopa utamwacha, mwanangu."

"Kwa hiyo ukaamua kumwambia Kamishna."

Kamishna alimalizia ile mingine haraka haraka, kisha akainuka uso unang'aa. Akasema katika utumishi wake wa miaka kumi na minne hajawahi kuona talaka ya maandalizi iliyoandaliwa vizuri namna hii, yenye huzuni ya kweli kabisa, na kwamba tume inaitoa kwa kauli moja na kwa pongezi. Wakatupa vyeti viwili vya useja vilivyowekewa plastiki, na wakatupiga picha ya kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Kwenye picha ile ni mimi peke yangu ninayetazama mbele. Agripina anatazama kushoto, Gaudensi kulia.

Nje ya ukumbi Agripina akanikabidhi cheti chake nikitie mfukoni. "Haya, tumeshaachana," akasema. "Tena kisheria."

*

Ijumaa asubuhi hakuna aliyekuwa anamsemesha mwenzake. Chai nilikunywa peke yangu, nikaenda kwa Bwana Ludigija kumwuliza kama fomu inaweza kurudishwa.

"Kurudishwa, hapana. Kuondolewa, ndiyo. Tena ni lazima," akasema. "Waliotalikiana hawawezi kuoana tena wao kwa wao mpaka shahidi ayaondoe malalamiko yake, moja baada ya jingine, hadharani, kwa sababu. Kesho saa tatu asubuhi kuna nafasi. Lakini wahusika wote wawili wawepo kwa hiari. Hao wako wawili?"

"Wapo," nikasema. "Hiari ndiyo sina uhakika."

Nikawapelekea habari kila mmoja mahali pake. Gaudensi akasema atakuja. Agripina alikuwa anakunja nguo zake anaziweka kwenye begi, kisha anazitoa, anazikunja upya.

Mchana nikawaona wamekaa mbele ya maporomoko, yakiwa bado yamefungwa, ukuta mkavu tu na bomba. Mimi nilikuwa nyuma ya chungu kikubwa cha maua. Nilikaa hapo kwa bahati mbaya.

"Kila asubuhi ulikuwa unapita dukani kwangu na begi, unanipungia mkono," Agripina alikuwa anasema. "Begi lilikuwa na nini?"

"Gambuti."

"Unakwenda wapi na gambuti?"

"Kwa Mzee Komba, yule mwenye kitalu pale barabarani. Namwagilia, najaza udongo kwenye viriba. Ananilipa miche."

"Miche."

"Ya parachichi. Imefika mia mbili na kitu."

Agripina akamtazama mikono. "Ndiyo maana kucha zako. Niliandika namba tano, ana kucha chafu. Nilidhani ni rangi za kiwandani."

"Nilisikia wakisoma. Nikajua bado hujui."

"Ungeniambia, Gaudensi."

"Ningesemaje? Kwamba unaolewa na kitalu?"

Agripina akacheka, kisha akakasirika kwa kucheka. "Usinichekeshe. Nimekuacha, nina cheti."

"Hata mimi ninacho. Chako kimewekewa plastiki?"

"Kimewekewa." Akainuka, akajifuta vumbi. "Si kazi iliyoniuma. Ni kule kunipungia mkono. Kesho nitakuja, lakini nakuja kumsikiliza mama. Nataka nione atafanyaje akifika thelathini na tatu."

Nilibaki nyuma ya chungu mpaka miguu ikafa ganzi.

*

Jumamosi saa tatu nikasimama mbele ya kipaza sauti. Gaudensi upande huu, Agripina upande ule, katikati yao viti vinne vitupu.

"Namba moja," akasema Kamishna, safari hii hana furaha, maana kazi ya kurudisha haimo kwenye takwimu zake. "Ananisalimia simu ikiwa mkononi."

"Naiondoa. Leo amenisalimia kwa mikono miwili."

Tukaenda hivyo. Ugali, naiondoa, nimejua alikuwa ameshakula kwa mama yake kwa woga. Viatu, naiondoa, vilikuwa vya kuazima. Kuku, naiondoa, alikuwa mgumu. Ya ishirini na sita nikasita.

"Kofia ngumu siiondoi mpaka anunue."

"Nimeshanunua mama," Gaudensi akasema kutoka kwenye kiti chake. "Mbili."

"Lini?"

"Jana."

"Naiondoa."

Tukafika thelathini na tatu. Hata makatibu walioshika joho wakasogea mbele.

"Hii siwezi kuiondoa, mheshimiwa," nikasema. "Ni kweli."

"Ukweli si sababu, mama."

"Najua. Lakini nikisema naiondoa nitakuwa nimemdanganya mwanangu mara ya pili, tena kwa kipaza sauti."

Kamishna akaanza kufunga faili. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda saa nne. Nikaona ukumbi, keki, na uzee wangu wote vinaingia kabatini.

Agripina akasimama. "Hiyo si ya mama," akasema. "Aliyefichwa ni mimi. Naiondoa mwenyewe."

"Kwa sababu gani?"

Alimwangalia Gaudensi kwa muda. "Nimemwuliza, amenijibu."

Makatibu wakapekua kitabu cha sababu zinazokubalika, kurasa mia na sabini, wakatikisa vichwa. Haikuwemo. Mwisho wakaiandika chini ya 'Nyinginezo', na Agripina, badala ya kurudi kwenye kiti chake, akaenda kukaa kwenye kimojawapo cha vile viti vinne. Gaudensi naye akasogea. Hakumshika mkono. Alikaa tu hapo, magoti yamebana, kama aliye zahanati.

Zilizobaki nikazimaliza upesi, mpaka ya mwisho.

"Arobaini," Kamishna akasoma, akaisogeza karatasi machoni. "Neno moja tu. Anamchukua."

Nilikuwa nimeandika hivyo. Ulikuwa mstari wa mwisho na sikuwa na jingine.

"Anamchukua nani?"

"Agripina, mheshimiwa."

"Lini?"

"Leo. Saa kumi."

Wakashauriana kwa muda mrefu. Kisha Kamishna akatangaza kwamba lalamiko la arobaini linahusu tukio ambalo halijatokea, na kwa kuwa serikali haishughuliki na yasiyotokea, haliwezi kuondolewa wala kuzuia chochote. Ndoa iendelee. Shahidi aripoti dirisha la sita tukio likishakamilika, aseme kama analiondoa.

*

Walioana saa kumi. Bomba lilifunguliwa, maji yakaporomoka, wananchi wa bondeni wakakimbia na ndoo zao. Wanafunzi wa darasa la tano walipiga vigelegele kwa kufuata mtaala. Picha ya Mheshimiwa ilisimama kulia kwa Gaudensi, na Gaudensi akakunja magoti kama alivyoruhusiwa, na kwa vile kibali hakikusema akunjue lini, Agripina ndiye aliyemvuta mkono akamwambia, "Inuka sasa, yatosha." Yale machozi niliyoyahifadhi tangu Jumanne yakatoka yote.

Nikatoka taratibu, nikaenda dirisha la sita. Bwana Ludigija alikuwa ananisubiri na faili.

"Pole na hongera, mama. Lile la arobaini, limetokea?"

"Limetokea, baba."

"Basi weka sahihi hapa kwamba umeliondoa, tufunge jalada."

Nikaishika peni. "Na nisipoliondoa?"

"Usipoliondoa," akashusha sauti kwa huruma, "kwa kweli ni usumbufu mkubwa, mama yangu. Ndoa inabaki halali, lakini chini ya uangalizi. Shahidi analazimika kwenda nyumbani kwa wanandoa kila mwaka, akae siku zisizopungua kumi na nne, aandike ripoti ya hali aliyoiona. Mwaka hadi mwaka, maisha yake yote. Na wao kwa mujibu wa sheria hawawezi kumkataa."

"Hawawezi kabisa?"

"Kabisa. Hata nchi yenu imesaini mkataba."

Nikamrudishia peni yake. Nikamwambia, baba, mimi ni nani niipinge sheria ya watu.

Basi mama mwenzangu, nimekuonya. Ukimpeleka binti Nderemo, soma kila mstari kabla hujajaza, na ukishajaza, fikiri vizuri kabla hujaondoa. Haya nayaandika nikiwa sebuleni kwao, dirisha linatazama miche ya parachichi, na leo ni siku yangu ya tisa. Gaudensi amepita hapa mara mbili tangu asubuhi, na gambuti zake, kuniuliza kwa adabu kama ripoti inakaribia kwisha. Nimemwambia bado kuna mistari.